Nani Alimvisha Ukweli Nguo: Safari ya Würzburg hadi Napoli

Jumamosi, Würzburg

Ngazi za Residenz, ikulu ya zamani ya maaskofu watawala wa Würzburg, zina vidato vifupi kiasi kwamba hata mwenye magoti mabovu anapanda bila kushika ukingo. Nadhani ndivyo alivyotaka msanifu wake, Balthasar Neumann: mgeni apande taratibu, shingo imeinuka. Mambo yote yako juu. Dari ni moja, haina nguzo hata moja katikati, na picha iliyochorwa pale kwenye lipu mbichi inafika mita za mraba 600 hivi. Aliichora Giovanni Battista Tiepolo wa Venice akisaidiwa na wanawe wawili, kati ya 1752 na 1753.

Pande nne za dari zimegawiwa mabara manne, na kila bara ni mwanamke. Ukianza kupanda unakutana na Amerika, amekaa juu ya mamba, manyoya kichwani, kifua wazi. Katikati ngazi inakugeuza, na hapo Ulaya anajitokeza kwenye kiti cha enzi, kazungukwa na sanaa zake zote, na Neumann mwenyewe kachorwa chini yake, kakaa kwenye mzinga kwa raha zake. Asia yuko juu ya tembo. Afrika yuko juu ya ngamia aliyepiga magoti, na karibu naye kuna wafanyabiashara na bidhaa zao, na nyani anayemchomoa mbuni manyoya.

Mimi ni fundi nguo. Nimezaliwa Tanga, nashona Nürnberg, na jicho langu huanza na kitambaa kabla halijafika usoni. Kwa hiyo nililiona mapema: Ulaya kavaa. Kavaa kweli kweli, nguo nzito inayolala hadi miguuni. Asia naye kasitiriwa, tena kwa vito. Walioachwa kifua wazi ni Amerika na Afrika.

Tiepolo hakulibuni hilo. Wachoraji na wachongaji wa enzi ya Baroko, ule mtindo wa mapambo mengi wa karne ya 17 na mwanzo wa ya 18, walikuwa na kitabu cha maagizo, *Iconologia* cha Cesare Ripa, kilichotoka Roma mwaka 1593 bila picha, kisha 1603 kikatoka na picha zake. Humo karibu kila wazo limepangiwa mtu wake, mara nyingi mwanamke: avae nini, ashike nini, akanyage nini. Haki na mizani, Ukweli na jua, Busara na kioo na nyoka, Upendo na watoto wanaomng'ang'ania. Wanasomwa kama alama za vyama kwenye karatasi ya kura: sura haina kazi, tazama kilichowekwa pembeni yake. Nao ni wanawake kwa sababu majina ya mambo hayo, kwa Kilatini na Kiitaliano, ni ya jinsia ya kike.

Afrika wa Ripa ni mwanamke mweusi, karibu uchi, kavaa kichwa cha tembo kama kofia, marijani shingoni na masikioni, nge mkono wa kulia, pembe iliyojaa masuke ya ngano mkono wa kushoto, simba upande mmoja na nyoka upande wa pili. Kichwa cha tembo na nge vimetoka kwenye sarafu za kale za Kirumi. Uchi ndio alioutolea sababu: nchi hiyo, anasema, haina utajiri mwingi.

Hapo fundi nguo wa pwani lazima akohoe. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alisimulia juu ya watu wa Kilwa waliovaa hariri, pamba na dhahabu, na maandishi yake yalichapishwa kwa Kiitaliano huko Venice mwaka 1550. Na mwaka uleule wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Habari za nguo zetu zilikuwa zimeshafika Italia, tena kwa chapa. Ripa akachagua sarafu.

Tiepolo angalau alimzungushia Afrika wake biashara, si nge. Nilisimama chini yake mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Usiku wa 16 Machi 1945 mabomu yaliuteketeza mji huu, na mapaa ya ikulu yakaungua. Dari ya Neumann ikabaki na wanawake wake wote.

Jumapili, njiani

Treni hadi Munich, kisha nyingine ya kuvuka milima ya Alpi kwenye njia ya Brenner. Theluji dirishani, watoto wanapiga kelele, chai ya bei mbaya. Rafiki yangu wa Bukavu, muuguzi huko Brussels, kaniandikia kwamba kapata likizo na tutakutana Roma keshokutwa. Nimelala tangu Verona mpaka Bologna.

Jumatatu, Florence

Watu wote wanakimbilia jumba la picha la Uffizi. Mimi nimeenda Via Ghibellina, kwenye Casa Buonarroti, nyumba iliyopambwa na Michelangelo Buonarroti Mdogo, mjukuu wa mdogo wake yule Michelangelo mkubwa, ili kumtukuza babu. Dari ya ukumbi mmoja imegawanywa vipande, kila kipande na mchoraji wake, na kila sifa ya babu imegeuzwa mtu. Kipande kimoja, Kipaji cha Kuzaliwa, alipewa Artemisia Gentileschi. Alikichora kati ya 1615 na 1616, akiwa na miaka ishirini na ushee. Naye kazaliwa 1593, mwaka wa kitabu cha Ripa, sikupanga mimi.

Artemisia alikuwa amehamia Florence kutoka Roma baada ya kesi ya 1612, ambapo Agostino Tassi, mchoraji mwenzake baba yake, alihukumiwa kwa kumbaka. Kwa kazi hii alilipwa florini 34, zaidi ya mara tatu ya walizolipwa wenzake kwa vipande vyao. Nimelirudia hilo kwa sauti pale ukumbini na bwana mmoja akageuka.

Alichochora ni mwanamke aliyekaa juu ya mawingu, dira mikononi, nyota juu ya kichwa chake, bila nguo. Wengi wanaamini uso ni wa Artemisia mwenyewe. Lakini leo ukiinua macho unaona kitambaa kimezunguka mapaja, na utaji kifuani. Hivyo viliongezwa karne ileile ya 17, miaka ya 1680, na Baldassarre Franceschini, aliyejulikana kama Il Volterrano, baada ya mrithi wa nyumba kuona haya mbele ya mke na watoto. Mwaka 2022 na 2023 wataalamu waliipiga picha hiyo eksirei na kuitazama kwa miale isiyoonekana kwa macho, wakapata umbo la asili na kulitengenezea picha ya kompyuta. Kitambaa chenyewe hawakukiondoa. Kuchubua rangi ya juu kungeiumiza ya chini, na zaidi ya miaka 300 ya kuvaa nguo nayo ni sehemu ya maisha ya picha.

Nitasema kifundi. Volterrano alijua nguo. Mikunjo yake ni safi, kivuli kinaingia panapotakiwa. Ila kitambaa hakijui kuna nyonga chini yake. Mtu akivaa shuka kweli, uzito unavuta kutoka mahali, kiunoni au gotini, na mikunjo yote inatoka hapo kama mito. Huku mikunjo inatoka popote. Mteja akiniletea nguo iliyoongezwa namna hii najua aliyeiongeza hakuwahi kumpima mwenye nguo.

Jumanne, Roma

Treni ya mwendo kasi, saa moja na nusu hivi. Rafiki yangu alinisubiri kwenye kituo cha Termini na begi kubwa kuliko yeye. "Dada, karibu kwa Papa," akanikumbatia.

Jioni tulikwenda kanisa la Gesù, kushoto kwenye altare ya Mtakatifu Ignas, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Andrea Pozzo, bruda wa Kijesuiti, aliibuni na ikajengwa 1695 hadi 1699. Kulia kwake kuna kundi la marumaru la Pierre Legros, Mfaransa: Dini anawaangusha Uzushi na Chuki. Dini ni msichana mrefu, msalaba mkono mmoja, miale ya moto mkono wa pili, kavaa toka shingo hadi kisigino. Chuki ni bibi kizee, uso umekunjamana, anajishika nywele. Uzushi ni mwanamume anayeporomoka na nyoka wake. Pembeni kuna kitoto chenye mabawa kinachana kurasa za kitabu kwa furaha ya mtoto aliyeruhusiwa kuharibu kitu cha watu. Kwenye mgongo wa kitabu kimoja limechongwa jina la Luther.

Rafiki yangu ni Mprotestanti. Alilisoma lile jina, akakunja mikono. "Sasa hii ni matangazo," akasema. Sikuwa na la kumjibu. Ni matangazo, yaliyolipiwa vizuri na kuchongwa vizuri kupita kiasi. Ukiwa chini Uzushi anaelekea kukudondokea miguuni, miguu yake iko nje ya ukingo wa jiwe, nami nilirudi nyuma hatua moja.

Saa kumi na moja na nusu jioni muziki unawashwa, taa zinacheza, na picha kubwa ya altare inashuka kwenye mashine ya Pozzo kumwonyesha Ignas wa rangi ya fedha nyuma yake. Watalii wanapiga makofi kanisani.

Jumatano, Roma

Palazzo Barberini asubuhi. Katikati ya ukumbi mkubwa kuna makochi ya kulala chali, na ndiyo njia pekee ya heshima ya kuitazama dari ya Pietro da Cortona, ya 1632 hadi 1639. Maongozi ya Mungu, mwanamke anayeng'aa, anaamuru, na Kutokufa anapeleka taji la nyota juu ya nyuki watatu wakubwa. Nyuki ndio nembo ya ukoo wa Barberini, na mwenye nyumba wao mkuu alikuwa Papa Urbano wa Nane. Imani, Tumaini na Upendo wameshika shada la mlaurusi kuwazunguka hao nyuki. Fadhila tatu kuu za Kikristo, kazi yao kubeba nembo ya familia. Rafiki yangu alisinzia kwenye kochi, nami sikumwamsha.

Tulipita Sant'Ignazio kwa haraka, dari nyingine ya Pozzo, 1691 hadi 1694. Mabara manne tena. Safari hii mamba kapewa Afrika, na pembe ya ndovu mkononi. Würzburg mamba alikuwa wa Amerika. Mamba mwenyewe hajali.

Alasiri ndiyo iliyotuchukua. Santa Maria Maggiore, upande wa mahali pa ubatizo, kuna sanamu ya kifua na kichwa cha mwanamume mweusi, jiwe jeusi kwa ngozi, marumaru za rangi kwa nguo. Ni Antonio Emanuele Ne Vunda, balozi wa mfalme Álvaro wa Pili wa Kongo. Aliondoka kwao 1604, akapitia Brazili na Hispania, akaibiwa baharini, wengi wa msafara wake wakafa, akaingia Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa. Papa Paulo wa Tano alikwenda kumwona kitandani. Alikufa mkesha wa Epifania, siku chache tu tangu afike. Sanamu ilichongwa na Francesco Caporale.

Nimeinama kuitazama nguo. Ni vazi la wavu, la watu wakubwa wa Kongo, lililofumwa kwa nyuzi za mti wa rafia, na mchongaji kahangaika na matundu: yanabana begani, yanafunguka kifuani, kama wavu halisi unavyovutika mwili ukiwa ndani. Huwezi kuitoa nguo hiyo kichwani. Caporale ama aliona vazi lenyewe, ama aliona mchoro wa mtu aliyeliona kwa karibu. Podo la mishale liko hapo pia. Uso umechoka, una mashavu ya mtu aliyekonda safarini.

"Dada, huyu walimuona na macho," rafiki yangu akasema.

Nikamuuliza kama anamhesabu kuwa mtu wa kwao. Akacheka. "Huyu ni wa Bas-Congo kule, na sisi ni Kivu. Ni mbali kuliko Roma na Brussels." Lakini alirudi kumpiga picha mara nyingine tulipokuwa tumeshafika mlangoni.

Alhamisi, Roma

Galleria Borghese wanakuingiza kwa zamu ya saa mbili, zikiisha unatolewa. Tulikwenda moja kwa moja kwa Ukweli wa Gian Lorenzo Bernini. Alianza kumchonga mwaka 1646, mwaka wake mbaya: Urbano wa Nane aliyemlea alikuwa keshakufa, na mnara wa kengele aliousimamisha kwenye uso wa kanisa la Mtakatifu Petro ulibomolewa kwa sababu ya nyufa, maadui wakashangilia. Bernini akajichongea jibu. Ukweli angefunuliwa na Wakati. Wakati hakuchongwa kamwe. Ukweli akabaki peke yake, mkubwa, uchi, anacheka, jua mkononi, mguu wa kushoto juu ya dunia. Katika wosia wake Bernini alimwacha kwa wazao wake asitoke katika ukoo, naye akakaa kwao mpaka karne ya 20.

Watu wanatazama kicheko. Mimi nilizunguka nyuma. Kitambaa alichofunikwa kinapanda. Kimevutwa juu kwa nguvu, mikunjo yote imekaza kuelekea hewani, na hakuna mkono unaokivuta. Yule Wakati aliyepaswa kukishika hayupo. Sijaona kitambaa kingine cha jiwe kinachoanguka kuelekea juu, na kwa miaka yote niliyoshona nisingejua nikianzie wapi.

Mchana, kwa Petro Mtakatifu. Kaburi la Papa Aleksanda wa Saba, kazi ya uzee wa Bernini na karakana yake, 1671 hadi 1678. Liko juu ya mlango, na Bernini akaugeuza huo mlango kuwa sehemu ya kaburi: shuka kubwa la jiwe jekundu la Sicilia limeangukia mlangoni, na mifupa ya Kifo inalinyanyua kutokea chini, saa ya mchanga mkononi. Mbele kulia yuko Ukweli tena, jua kifuani, mguu juu ya dunia. Husemwa kidole kiko juu ya Uingereza, iliyomtoroka Papa. Alichongwa uchi. Papa aliyekuwapo, Inosenti wa Kumi na Moja, hakupenda, na Bernini akaagizwa amvike. Nguo ni ya shaba, imepakwa rangi nyeupe ifanane na marumaru.

Kwa mbali hujui. Tulizuiwa na kamba, nikatoa miwani, nikatazama. Shaba imebana vizuri kiunoni. Huyu alivishwa na aliyemchonga, na inaonekana: mikunjo inatoka mahali. Rafiki yangu akauliza kama Kifo naye alivishwa. Hapana. Mifupa haimwonei mtu haya.

Ijumaa, Napoli

Treni saa moja na dakika chache. Kanisa dogo la Sansevero liko kwenye kichochoro ambacho pikipiki zinapita bila kupunguza mwendo. Kupiga picha marufuku, kwa hiyo nilichora daftarini.

Foleni yote ni ya Kristo aliyefunikwa utaji, wa Giuseppe Sanmartino, 1753. Napoli wana hadithi kwamba mwenye kanisa, mwanamfalme Raimondo di Sangro, mpenda majaribio ya kemia, aligeuza kitambaa halisi kuwa jiwe. Si kweli. Ni patasi tu, jiwe moja, mtu na utaji wake vimetoka pamoja.

Nilikuja kwa ajili ya aliyesimama karibu na altare. Staha, wa Antonio Corradini, 1752. Ni kaburi la Cecilia Gaetani, mama wa Raimondo, aliyekufa mwana hajatimiza mwaka mmoja. Kando yake kuna bamba la jiwe lililovunjika, maisha yaliyokatika. Mwanamke amefunikwa utaji kuanzia kichwani, mwembamba kuliko voili yoyote niliyowahi kushika, na umemganda kama uliolowa: matiti, kitovu, mapaja, kila kitu kinasomeka. Shada la waridi limekatiza nyongani, na hapo tu ndipo kitambaa kinapopata uzito kidogo. Kope zinaonekana zimefumbwa chini yake. Corradini hakuchonga kitambaa juu ya mwili. Alichonga mwili, kisha akaongeza mistari michache mno ya mikunjo, mmoja toka pua hadi kidevu, michache begani, na jicho lako linamalizia kushona.

Katika safari nzima sijaona mwanamke aliye wazi kuliko huyu, na jina lake ni Staha. Rafiki yangu alimtazama muda mrefu, kisha akafunga vifungo vya jaketi lake. "Kama huyu ndiye Staha, miye nivae koti."

Wanawake wengine wa ukoo nao wamepewa fadhila kwenye nguzo: Ukweli wa Moyo, Ukarimu, Malezi. Baba wa Raimondo alipewa mwanamume anayehangaika kujitoa kwenye wavu, kazi ya Francesco Queirolo, mafundo yote yamechongwa, kamba zote ziko hewani. Baada ya Ne Vunda nilidhani nimemaliza habari za nyavu. Nilihesabu mafundo ya pembe moja nikachoka.

Usiku, tukila pizza barazani, nilimwambia kwamba Corradini aliwahi kuchonga mwanamke mwingine wa utaji miaka mingi kabla, yuko kwenye jumba la Ca' Rezzonico, Venice. Ameshafungua simu anatafuta nauli. Mimi nimemwambia Jumatatu kuna mabibi harusi wananisubiri Nürnberg, na mmoja wao utaji wake bado haujakatwa.